Kilele ni cha Nani? Umbo la Umma katika Michoro ya Ufaransa, 1830–1850

Macho ya mtazamaji hukimbilia bendera. Ndivyo Eugène Delacroix alivyotaka, na ndivyo ilivyokuwa tangu turubai yake *Uhuru Ukiongoza Umma* ilipotundikwa mbele ya wakazi wa Paris mwaka 1831. Wanaona kwanza bendera, kisha mwanamke aliyeishika, kisha moshi. Mhakiki halazimiki kwenda kwa mwendo huo. Nashauri tuanzie chini, ukingoni kabisa mwa picha, walikolala watu wasiokumbukwa na bango lolote.

Kushoto amelala mwanamume mwenye shati tu. Suruali hana, viatu hana, na mguu mmoja umebaki na soksi. Ama aliburutwa kutoka kitandani, ama maiti yake iliporwa, mchoraji hasemi. Kulia wamelala askari wawili wa mfalme, makoti ya jeshi yakiwa bado mwilini. Wote watatu wako kwenye kimo kimoja. Hapo chini, na hapo tu, raia na askari wamekuwa sawa.

Juu yao kuna mbao na mawe yaliyong'olewa barabarani, yaani boma ambalo waasi walilipanga kuzuia jeshi lisipite. Juu ya boma wanapanda walio hai: fundi mwenye upanga, bwanyenye mwenye kofia ndefu nyeusi na bunduki ya kuwindia, mvulana mwenye bastola mbili. Juu ya walio hai yuko yeye, kifua wazi, bendera mkono wa kulia, bunduki yenye singe mkono wa kushoto. Ukipitisha jicho kutoka kwa maiti wa kushoto hadi ncha ya bendera, kisha ukashuka kwa mvulana hadi kwa askari wa kulia, utakuwa umechora pembetatu. Kila anayesoma sanaa hufundishwa kuiona piramidi hii. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni kwa nini picha inayoshangilia kuangushwa kwa mfalme imejengwa kwa umbo lenye kilele kimoja.

Tukio lenyewe lajulikana. Julai 1830 Mfalme Charles X alitoa amri zilizobana magazeti, zikavunja bunge lililokuwa limechaguliwa punde tu, na kuzidi kupunguza wapigakura ambao tayari walikuwa wachache. Paris ikafura. Kwa siku tatu, tarehe 27, 28 na 29, mafundi, wapiga chapa, wanafunzi na wafanyabiashara walipambana na jeshi mitaani, na mfalme akakimbia. Aliyeshika nafasi yake akawa mfalme mwingine, Louis-Philippe, aliyejiita Mfalme wa Wafaransa badala ya Mfalme wa Ufaransa. Haki ya kura ilipanuliwa kidogo mno: hata utawala wake ulipokwisha mwaka 1848, wapigakura hawakuzidi 250,000 katika nchi yenye watu wapatao milioni 35. Waliokufa bomani, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na mwakilishi wakati ule, na watoto wao wangeendelea kuishi bila mwakilishi.

Delacroix mwenyewe hakupigana. Oktoba mwaka huohuo alimwandikia kaka yake kwamba ikiwa hakuipigania nchi, angalau ataichorea. Alifanya kazi kwa kasi, kwa kipimo cha sentimita 260 kwa 325, akatia saini na mwaka 1830 kwenye mbao za boma. Saini imekaa ndani ya vita, wakati mchoraji alikuwa nje. Simlaumu. Ila ni vizuri tukumbuke kwamba tunachokiona ni ushahidi wa mtu aliyepanga mambo baadaye, studioni, na kwa hiyo kila kilichopo kimewekwa.

Piramidi nayo haikuwa yake. Wachoraji wa Italia waliitumia karne tatu kabla kumketisha Bikira Maria kati ya watakatifu. Ni umbo la utulivu na la ngazi, kila mmoja akijua nani yuko juu yake. Aliyeivuruga ni rafiki yake Delacroix, Théodore Géricault, katika *Chelezo cha Medusa* cha mwaka 1819. Delacroix, aliyekuwa kijana wa miaka kama 20 hivi, alimkalia Géricault ili achorwe kama mmoja wa wale wanaoangamia baharini. Watu waliotelekezwa wanapanda wao kwa wao kutoka maiti hadi walio hai, na kileleni yuko mwanamume Mweusi, mgongo kwetu, akipunga kitambaa kuiita meli iliyo ndogo kama nukta kwenye upeo. Mtu huyo ana njaa na kiu ileile ya wenzake. Yuko juu kwa sababu ana nguvu iliyobaki na kwa sababu wengine wanamwinua. Kilele chake ni kazi aliyopewa na wenzake.

Delacroix alichukua umbo hilo akalifanyia mambo mawili. Kwanza aliligeuza. Watu wa Géricault wanatupa mgongo na kuelekea upeoni; watu wa Delacroix wanakuja kwetu. Pili, alibadilisha anayekaa juu. Mwanamke huyu si mmoja wa waliomo bomani. Hana nyumba kwenye mitaa ile, wala kazi, wala jeraha. Ni Uhuru wenyewe, wazo lililovishwa mwili. Umma ulioambiwa kuwa ndio mwenye nchi unaongozwa na mtu ambaye hayupo.

Alikuwa ameshamchora mara moja, kwa jina jingine. Katika *Ugiriki juu ya Magofu ya Missolonghi*, mwaka 1826, mwanamke wa aina hiyohiyo amepiga goti juu ya mawe, mikono imefunguka kwa ombi, na mkono wa maiti unachomoza chini ya kifusi. Mji wa Missolonghi ulikuwa umeanguka mwaka huo mikononi mwa majeshi ya Waosmani na Wamisri. Nyuma ya mwanamke amesimama askari mwenye ngozi nyeusi na kilemba, ameshika bendera ya ushindi. Msomaji Mwafrika ana sababu ya kukaa kidogo hapa. Miaka saba baada ya Géricault kumweka mtu Mweusi kileleni pa matumaini ya wote, mwanafunzi wake wa kiroho anamweka mtu Mweusi nyuma, gizani, kama adui wa taifa linalozaliwa. Utaifa katika uchoraji wa enzi hii uliwahitaji wageni ili wenyeji waonekane. Mwaka 1830 mgeni hayupo tena, maana vita ni vya Wafaransa kwa Wafaransa, na mwanamke amesimama. Lakini kazi yake haijabadilika: ni mwili mmoja unaobeba maana ambayo wengine hawaruhusiwi kuibeba wenyewe.

Basi kwa nini picha haiwi hotuba ya jukwaani? Kwa sababu Delacroix hakuuficha mshono. Kichwa cha mwanamke kiko upande, kama kilivyo katika sarafu za kale, na kofia yake ya Kifrigia ni alama iliyorithiwa kutoka Mapinduzi ya 1789. Kuanzia shingoni kushuka, mambo ni mengine: ngozi yenye vumbi, kwapa lenye nywele, miguu mitupu juu ya mawe, bunduki ya jeshi ya wakati uleule. Wakosoaji wa 1831 walilalamika kwamba ni mchafu, kwamba ni mwanamke wa sokoni. Walikuwa wameona sawasawa, wakachukia walichokiona. Mungu wa kike wa marumaru asingewaudhi. Kilichowaudhi ni kwamba wazo limeshuka mtaani na kuchafuka, na hapo ndipo penye uhai wa kazi yote. Kama ningeambiwa niokoe sehemu moja ya turubai, ningeokoa lile kwapa.

Tazama pia rangi inavyosafiri. Buluu, nyeupe na nyekundu za bendera hazibaki kwenye kitambaa. Zinashuka hadi kwa mwanamume aliyepiga magoti miguuni pa mwanamke, mwenye blauzi ya buluu, shati jeupe na mshipi mwekundu. Zinaonekana tena kwenye shati la maiti na kwenye sare za askari waliokufa. Tarehe 28 bendera ya rangi tatu, iliyokuwa imepigwa marufuku chini ya wafalme wa ukoo wa Bourbon, imepandishwa pia, ndogo mno, juu ya mnara wa kanisa la Notre-Dame kule nyuma ya moshi. Mchoraji analitengeneza taifa kwa rangi kabla halijatengenezwa kwa sheria: maskini, tajiri, aliyekufa kwa ajili ya mfalme na aliyekufa dhidi yake, wote wametiwa rangi kutoka chungu kimoja. Usafishaji uliofanywa katika jumba la Louvre na kukamilika mwaka 2024 uliondoa vanishi iliyogeuka manjano, na hoja hii ikawa nyepesi kuonekana, kwa sababu buluu na nyeupe zilizokuwa zimezama zimerudi juu.

Hata hivyo, aliyepiga magoti amepiga magoti. Ndiye pekee anayemtazama mwanamke waziwazi, uso juu, kama muumini mbele ya sanamu. Rangi zinasema kwamba tu sawa. Mkao unasema vingine. Sioni kwamba huu ni udhaifu wa kupuuzwa, wala sioni kwamba Delacroix aliupanga kwa kejeli. Nadhani alifikia mwisho wa lugha aliyokuwa nayo. Uchoraji mkubwa wa Ulaya ulijua kuinua, na ulijua kuinua mmoja.

Serikali mpya iliinunua turubai kwa faranga 3,000, ikaionyesha kwa muda mfupi, kisha ikaiondoa. Sababu tunaweza kuisoma katika fani yenyewe. Mtazamaji anayesimama mbele ya picha hii amesimama mahali pa jeshi: bunduki, singe na bastola ya mtoto vinamjia yeye, na nafasi tupu kati ya maiti na fremu ni hatua chache tu. Kwa mfalme aliyeketishwa na boma, haikuwa salama kutundika ukutani boma linaloendelea kutembea. Turubai ilirudishwa kwa mchoraji, ikahifadhiwa kwa shangazi yake kijijini, na haikuingia Louvre hadi 1874. Karne moja baadaye Benki ya Ufaransa iliichapa kwenye noti ya faranga 100, pamoja na sura ya mchoraji wake. Dola hulihifadhi boma kwa moyo mmoja likishakuwa la zamani.

Mtu aliyeiangusha piramidi hakuwa mchoraji wa turubai. Honoré Daumier alichora vibonzo, na mwaka 1832 alifungwa gerezani kwa kumchora Louis-Philippe kama jitu linalomeza kodi za maskini. Aprili 1834, baada ya ghasia nyingine Paris, askari waliingia katika nyumba ya mtaa wa Transnonain, wakidai risasi imetoka humo, wakaua wakazi waliokuwa ndani. Daumier alijibu kwa litografia, yaani chapa inayotolewa kwenye jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta. Upana wake haufiki nusu mita. Ina rangi nyeusi, kijivu na weupe wa karatasi.

Chumba cha kulala. Kiti kimepinduka. Shuka zinaning'inia. Mwanamume mwenye nguo ya kulalia ameegemea kitanda akiwa ameanguka, na chini ya mwili wake, kichwa kikiwa kimetokeza, yumo mtoto mdogo aliyelaliwa na uzito wa baba. Kushoto kuna mwanamke gizani, kulia kichwa cha mzee kimekatwa na ukingo wa karatasi. Ni yale mawe ya ujenzi ya Delacroix: shati jeupe, miguu mitupu, maiti wa rika mbalimbali. Mvulana wa bastola amegeuka mtoto aliyepondwa. Ila hakuna anayesimama juu yao. Daumier ameiondoa sehemu yote ya juu ya piramidi na kutuachia msingi, na mara msingi huo unakoma kuwa msingi wa chochote. Maiti za 1830 zilikuwa na kazi katika utungo, kwani zilibeba wengine. Hizi hazimbebi mtu.

Na jicho letu liko wapi? Chini, karibu na sakafu, kwenye kimo cha aliyeanguka. Mwanga unamwagika kwenye lile shati na kuacha pembe za chumba kwenye giza, kwa hiyo tunaanza na mmoja na kuwagundua wengine mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ambao angeufuata jirani aliyefungua mlango asubuhi. Hakuna bendera, hakuna askari, hakuna neno la shutuma zaidi ya jina la mtaa na tarehe. Polisi waliinyang'anya chapa hii na jiwe lake, na Septemba 1835 sheria ikarudisha udhibiti wa picha kabla ya kuchapishwa. Maneno yaliachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko picha. Watunga sheria hao walikuwa wahakiki wazuri kuliko wanavyosifiwa.

Februari 1848 Louis-Philippe naye aliangushwa, Jamhuri ikatangazwa, na wanaume wote wazima, kiasi cha milioni 9, wakapewa kura. Miezi minne baadaye Jamhuri hiyohiyo ilifunga karakana ilizokuwa imeanzisha kwa wasio na kazi, vibarua wakajenga maboma tena, na Jenerali Cavaignac akayabomoa kwa mizinga. Sasa haikuwezekana tena kusema kwamba umma uko upande mmoja na mfalme upande wa pili. Pande zote mbili zilikuwa na bendera moja.

Ernest Meissonier alikuwa kapteni katika Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, upande wa serikali, na aliliona boma la mtaa wa Mortellerie likitekwa na watetezi wake wakiuawa. Turubai yake ni ndogo ya kushangaza, sentimita 29 kwa 22, karibu na ukurasa wa daftari. Mtaa mwembamba, nyumba zilizofungwa, na chini rundo la mawe ambalo ukilikazia macho linageuka kuwa rundo la mawe na watu. Mikono na mawe vimechanganyika hadi unashindwa kujua kimoja kinaishia wapi. Buluu, nyeupe na nyekundu zimo, zamu hii kwenye blauzi na mashati ya waliokufa tu. Bendera imevunjika vipande na kutawanywa chini.

Meissonier alimpa Delacroix mchoro wa rangi za maji aliouandaa kwa ajili ya kazi hii. Delacroix aliandika katika shajara yake, Machi 1849, kwamba ukweli wake unatisha, lakini pengine umekosa kile kisichoelezeka kinachokigeuza kitu cha kuchukiza kuwa sanaa. Nimerudia hukumu hiyo mara nyingi na kila mara naiona imemfichua aliyeitoa. Kilichokosekana, kwa jicho la Delacroix, ni kuinuliwa. Alitaka mtu mmoja ainuke kutoka kwenye rundo lile. Meissonier, ambaye hakuwapenda waasi na alikuwa na kila sababu ya kuwachora kama wahalifu, aliwaacha walale. Uaminifu wake kwa alichokiona ulimfanya achore picha iliyo kushoto kuliko siasa zake. Hutokea.

Kufikia hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba dawa ni mstari ulalao, kwamba piramidi ni ya wafalme na safu ni ya umma. Francisco Goya anakataza wepesi huo. Katika *Tarehe 3 Mei 1808*, aliyoichora mwaka 1814 kwa kipimo kinachokaribiana na kile cha Delacroix, safu iliyonyooka kabisa ni ya wanajeshi wa Napoleon wanaowapiga risasi Wahispania. Hawana nyuso, wana migongo na mitutu. Usawa wao ni usawa wa sare. Safu nayo yaweza kuwa chombo cha kuua.

Ndiyo maana nampa uzito Gustave Courbet. *Mazishi kule Ornans*, aliyoionyesha katika Salon, maonyesho makuu ya serikali, yaliyofunguliwa mwishoni mwa 1850, ina urefu wa zaidi ya mita 6 na nusu. Ukubwa huo ulikuwa umetengwa kwa vita vya kale, kwa wafalme na kwa miungu, na katika uchoraji ukubwa ni sehemu ya fani. Courbet aliwapa watu wa mji wake mdogo wa milimani, kwa kipimo cha mwili halisi: padri, watoto wa altare, wabeba jeneza, meya, mchimba kaburi, wazee wawili waliovaa mavazi ya enzi ya Mapinduzi, wahudumu wa kanisa wenye majoho mekundu na pua nyekundu, akina mama wenye kofia nyeupe. Hao ni takriban watu 50, wamebanana kama abiria wa daladala jioni, na hakuna aliyepewa kiti cha mbele.

Kichwa kiko karibu na kichwa, katika mstari mmoja unaoyumba kidogo, na nyuma yao majabali ya Ornans yanarudia mstari huohuo. Kitu pekee kinachotoboa kwenda juu hadi angani ni msalaba kwenye mti wake, nao umesukumwa pembeni kushoto, mwembamba. Mahali ambapo Delacroix angeweka kilele, katikati ya turubai, Courbet ameweka shimo. Kaburi limefunguka kwenye ukingo wa chini na fremu imelikata, kiasi kwamba nusu yake iko upande wetu. Kwa Delacroix tulikuwa jeshi linaloshambuliwa. Kwa Daumier tulikuwa jirani. Hapa tumeongezwa kwenye duara la waombolezaji, tukisimama ng'ambo ya shimo.

Tofauti na safu ya Goya iko kwenye nyuso. Hakuna mbili zinazotazama kitu kimoja. Mmoja analia, mwingine amechoka, mwingine anawaza mambo yake, mbwa mweupe amegeuza kichwa. Hakuna hisia ya pamoja inayopita kutoka mwili hadi mwili kama upepo wa Julai ulivyopita kwenye turubai ya 1830. Wala hatuambiwi nani amekufa. Wakosoaji waliona ubaya wa sura, wakauliza kwa nini mabwana na wakulima wa wilayani wachorwe wakubwa hivyo bila kufanya lolote la maana. Swali lao lilikuwa la kisiasa kuliko walivyodhani. Tarehe 31 Mei 1850, miezi saba kabla ya Salon, Bunge lilipitisha sheria ya ukaazi iliyowafuta wapigakura takriban milioni 3, wengi wao vibarua wanaohamahama. Mjini Paris ilikuwa inajadiliwa nani anastahili kuhesabiwa, na ukutani wametundikwa watu 50 waliohesabiwa mmoja mmoja, kila mmoja na pua yake.

Sisemi Courbet ni mchoraji mkubwa kuliko Delacroix. Weusi wa turubai yake ni mzito hadi unachosha, na sehemu ya kushoto, pale jeneza linapoingia, imesongamana bila faida. Hana mahali popote penye msisimko wa yule mvulana wa bastola. Lakini tatizo ambalo Delacroix alilizungusha kwa ustadi, yeye alilikabili: namna ya kuuchora umma bila kumwajiri mtu wa kuuwakilisha. Na gharama yake anailipa hadharani. Umma usio na kilele hauna pia mwelekeo. Watu wa Ornans wamesimama sawa, na hawaendi popote.

Kuna mgawanyo mmoja ambao hata safu hii haikuufuta, na kwa msomaji wa pwani, anayejua desturi za makaburini, hautakuwa mgeni. Wanaume wako kushoto na katikati, wanashika msalaba, jeneza, koleo na vitabu. Wanawake, wakiwemo mama na dada za Courbet mwenyewe, wamekusanywa kulia, mikono yao ikiwa na leso tu. Ilikuwa desturi ya kanisa, na Courbet aliichora kama alivyoikuta. Ilikuwa pia ramani sahihi ya Jamhuri, iliyokuwa imewapa kura wanaume wote na kuwaacha wanawake wote. Miaka 20 kabla, bomani, mwanamke alikuwa mmoja tu, na hakuwa raia. Mamia ya miili ya Paris, na wa jinsia yake aliyeonekana ni yule wa kubuni. Turubai moja imemweka juu ya wote, nyingine imewaweka wengi pembeni, na katika zote mbili kazi ya kuamua iko mikononi mwa wengine.

Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kura mwaka 1944, na walipiga kura kwa mara ya kwanza Aprili 1945.